Kabla Hujabofya "Ruhusu": namna ya kuendesha programu za kivinjari zinazotaka mamlaka makubwa

Tarehe 4 Septemba 2018, watu waliokuwa wameweka kwenye kivinjari cha Chrome kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, cha MEGA, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, walipata sasisho. Hilo si ajabu, viendelezi hujisasisha vyenyewe usiku na mchana. Safari hii, hata hivyo, kivinjari kilikizima kiendelezi kwanza, kikauliza: toleo jipya linataka kusoma na kubadilisha data zako zote kwenye tovuti unazotembelea, unakubali?

Waliokubali waliibiwa. Toleo lile, namba 3.39.4, halikutengenezwa na MEGA. Mtu asiyejulikana alikuwa ameingia kwenye akaunti ya kampuni hiyo katika duka la viendelezi la Google na kupandisha toleo lake lenye sumu, lililokuwa likinyakua majina na manenosiri ya Amazon, Microsoft, GitHub na Google, pamoja na funguo za pochi za sarafu za kidijitali. MEGA ilirudisha toleo safi baada ya saa nne. Wenye toleo la zamani waliokataa ruhusa mpya walisalimika, na waliokuwa wakitumia Firefox hawakuguswa kabisa.

Ukweli ni kwamba kivinjari siku ile kilifanya kazi yake. Kiliuliza. Mwongozo huu unahusu jibu: lini ukubali, ukubali kwa kiasi gani, na ufanye nini ikiwa ulishakubali zamani na umesahau.

Kwa nini kivinjari huuliza

Kivinjari cha leo kimejengwa juu ya msingi wa kutoamini mtu. Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilikuja na utaratibu wa kufungulia kurasa ndani ya vyumba vilivyofungwa. Ukurasa wa gazeti unaweza kucheza humo ndani utakavyo, lakini hauoni mafaili yako, hausikii maikrofoni yako, na hauwezi kuchungulia ukurasa wa benki uliofunguliwa pembeni. Kabla ya hapo mambo yalikuwa holela. Mtumiaji wa Internet Explorer aliulizwa kama anataka kuweka kijiprogramu cha ActiveX, akabofya ndiyo, na mgeni akapata karibu kila uwezo alionao mwenye kompyuta. Vijiprogramu vya Java vilivyotiwa saini vilikuwa na tabia hiyo hiyo. Chrome iliacha kabisa kuvipokea mwaka 2015, Flash ilizikwa mwisho wa 2020, na Internet Explorer ikastaafishwa tarehe 15 Juni 2022.

Kazi zenyewe hazikustaafu. Mkutano wa mtandaoni hauendi bila kamera. Mwandika programu anataka kufungua folda ya kazi yake ndani ya vscode.dev bila kusakinisha kitu. Fundi anataka ukurasa uongee na simu kwa waya wa USB ili aweke mfumo mpya. Ndiyo maana ukuta ule ukatobolewa milango midogo, na kila mlango ukawekewa bawabu mwenye swali. Bawabu huyo ni wewe.

Ngazi nne za mamlaka

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba kila "Ruhusu" ni sawa. Zimepishana sana.

1. Ruhusa ya tovuti moja kwa kifaa kimoja: kamera, maikrofoni, mahali ulipo, arifa, kusoma ulichonakili. Inaihusu tovuti hiyo tu, na unaweza kuifuta kwa mibofyo miwili.
2. Ruhusa ya tovuti kwa mafaili au vifaa vya USB. Hapa wewe ndiye unayechagua folda au kifaa, na tovuti haioni kingine. Ukichagua folda yenye nyaraka zako zote, umezitoa zote.
3. Kiendelezi chenye haki ya kusoma na kubadilisha kila ukurasa. Huyu anasimama nyuma ya bega lako kila unapoingia: baruapepe, benki, mfumo wa kazini. Alama ya mawasiliano salama kwenye anwani haimzuii, kwa sababu yeye yuko upande wako wa waya.
4. Kivinjari chenyewe kuendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, au chumba chake kilichofungwa kuvunjwa makusudi. Hapa hakuna tena mlango wa kuuliza.

Ngazi ya kwanza inasumbua zaidi ya kudhuru, isipokuwa arifa, ambazo matapeli wamezifanya shamba. Ukurasa unaandika "bofya Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti", unabofya, na kuanzia hapo simu inajaa matangazo ya kamari na tahadhari bandia za virusi. Hakuna uthibitisho wa roboti unaohitaji ruhusa ya arifa. Haupo.

Ngazi ya tatu na ya nne ndizo zinazostahili muda wa msomaji.

Ruhusa hukaa, mwenye programu huondoka

The Great Suspender kilikuwa kiendelezi chema. Kilizilaza kurasa zisizotumika ili kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ipumue, na watumiaji wake walipita milioni 2. Juni 2020 aliyekitengeneza alikiuza kwa mtu ambaye hakujitambulisha. Hakuna mtumiaji aliyeulizwa. Ruhusa walizompa mwenye programu wa kwanza zilihamia kwa mnunuzi kama fanicha ndani ya nyumba iliyouzwa. Februari 2021 Google ilikiondoa dukani na kukizima kwenye kompyuta za watu, ikisema kina programu hasidi. (Chrome sasa ina kiokoa kumbukumbu chake chenyewe, kwa hiyo kazi ile haihitaji tena mgeni yeyote.)

Kisa cha Cyberhaven kinauma zaidi, kwa kuwa hiyo ni kampuni ya usalama wa data. Desemba 2024 mfanyakazi wake alipokea baruapepe iliyojifanya inatoka duka la viendelezi, ikidai kiendelezi chao kimevunja masharti. Alibofya, akafika kwenye ukurasa halisi wa Google, na ukurasa huo halisi ukamuuliza kama anairuhusu programu fulani isimamie viendelezi vyake. Akaruhusu. Uthibitisho wa hatua mbili aliokuwa nao haukusaidia kitu, maana hakuna aliyeiba nenosiri; ruhusa ilitolewa na mwenyewe. Toleo lenye sumu lilikaa hewani kwa takriban siku nzima ya Krismasi, na kiendelezi hicho kilikuwa na watumiaji wapatao 400,000.

Mnyororo wake ni huu: mtu mmoja alibofya "Ruhusu" mahali pamoja, na ruhusa walizokuwa wametoa maelfu ya wengine zamani zikageuzwa silaha dhidi yao. Unapompa mtu ruhusa ya kudumu, unampa pia yeyote atakayenunua, kurithi au kuiba kampuni yake. Kwa hiyo swali la kujiuliza linabadilika. "Hawa ni watu waaminifu?" ni swali la leo tu. Swali la kudumu ni "nikiwapa pungufu ya wanachoomba, kazi yangu itaharibika?" Mara nyingi haiharibiki.

Hatua za kuweka kiendelezi chenye nguvu

1. Tafuta kwanza ndani ya kivinjari. Kutafsiri kurasa, kuhifadhi manenosiri, kusoma PDF: mengi ya haya yamo tayari.

2. Ingia dukani kupitia tovuti ya mwenye huduma, si kupitia tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji. Soma jina la mchapishaji herufi kwa herufi. Kwenye Firefox, angalia kama kina beji ya kupendekezwa; vyenye beji hiyo Mozilla huvikagua kwa undani zaidi kuliko vingine.

3. Kabla ya kukubali, soma sentensi ya ruhusa na uilinganishe na kazi. Kiendelezi cha kubadili rangi ya ukurasa kinachotaka kusoma historia yako ya mtandao kina jambo. Kiendelezi cha kuzuia matangazo, kwa upande mwingine, hakiwezi kufanya kazi bila kuigusa kila tovuti. Hapo ombi ni kubwa lakini lina maana.

4. Ukishakiweka, kipunguze. Kwenye Chrome na Edge, andika chrome://extensions au edge://extensions kwenye upau wa anwani, fungua maelezo ya kiendelezi, tafuta sehemu ya ufikiaji wa tovuti. Utakuta chaguo tatu: unapokibofya tu, kwenye tovuti fulani, au kwenye tovuti zote. Anza na la kwanza. Kikishindwa kazi, taja tovuti moja au mbili unazokihitaji. "Zote" liwe la mwisho.

5. Kitengee nyumba yake. Fungua wasifu mpya wa kivinjari, uite "Kazi" au "Majaribio", na uweke viendelezi vizito humo. Wasifu wa benki na baruapepe ubaki mtupu. Kila wasifu una vidakuzi vyake na viendelezi vyake, kwa hiyo aliye huku hasomi ya kule.

6. Sasisho likija na ombi jipya la ruhusa, simama. Watumiaji wa MEGA walikuwa na nafasi hiyo. Tafuta kwanza tangazo la kampuni linaloeleza kwa nini ruhusa imeongezeka. Ukilikosa, kiache kimezimwa kwa siku mbili tatu. Sumu ya MEGA ilidumu saa chache tu. Uvivu kidogo ungewaokoa wengi.

Dirisha fiche nalo lina faida moja watu wasiyoitumia: viendelezi huwa vimezimwa humo mpaka uviruhusu kimoja kimoja. Ukiwa na haraka ya kulipa kitu kwenye kompyuta yenye viendelezi kumi, lipia humo.

Mfumo wa ofisi unaodai mamlaka ya msimamizi

Hapa ndipo maofisi mengi hukwama. Kuna mfumo wa malipo, kisoma alama za vidole, au kadi ya saini ya kidijitali, na maelekezo yaliyobandikwa ukutani yanasema: bofya kulia, endesha kivinjari kama msimamizi. Imefanywa hivyo kwa miaka, hakuna anayekumbuka kwa nini.

Sababu ya kuacha ni nyepesi. Kivinjari kikiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, faili unalolipakua na kulifungua kutoka humo hurithi mamlaka hayo hayo. Lile swali la Windows la "unataka programu hii ifanye mabadiliko?" halitokei, kwa kuwa ulishalijibu asubuhi ulipofungua kivinjari.

Mara nyingi kinachohitaji mamlaka ya msimamizi si kivinjari hata kidogo. Ni ile programu ndogo ya kuongoza kifaa, na inayahitaji mara moja tu, siku ya kusakinishwa. Jaribu hivi:

1. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, sakinisha programu ya kifaa kutoka kwa mtengenezaji wake, anzisha kompyuta upya.
2. Toka. Ingia kwa akaunti ya kawaida ya mtumiaji.
3. Fungua kivinjari kwa kubofya mara mbili kama siku zote, kisha jaribu mfumo.
4. Ukigoma, andika ujumbe wa kosa kama ulivyo na umpelekee fundi wa mfumo. Mara nyingi tatizo ni folda moja ambayo programu inataka kuandika humo. Fundi anaweza kuifungua folda hiyo peke yake bila kuifungua kompyuta nzima.
5. Ikibainika kweli hakuna njia nyingine, itengwe kompyuta moja kwa kazi hiyo: haina baruapepe, haiperuzi tovuti nyingine.

Mfumo uliojengwa enzi za Internet Explorer una dawa yake. Edge ina hali ya kuendesha kurasa za kizamani, na Microsoft imeahidi kuitunza hadi angalau 2029. Ongeza anwani ya mfumo huo peke yake kwenye orodha. Ukiiongeza kwa mkono, kwa kawaida inakwisha muda baada ya siku 30 na unairudia, jambo ambalo linaudhi kidogo lakini linakukumbusha kuwa mfumo wako umezeeka. Usishushe kiwango cha usalama cha kompyuta nzima ili ukurasa mmoja ufunguke.

Kwa watumiaji wa Linux: Chrome hukataa kufunguka ukiiendesha kama mtumiaji mkuu, na maelekezo mengi ya mtandaoni yanakushauri uongeze --no-sandbox. Amri hiyo ndiyo inayovunja vile vyumba vilivyofungwa. Fungua akaunti ya kawaida, ni kazi ya dakika mbili. Ndugu yake, --disable-web-security, wanaipenda waandika programu wakati wa majaribio. Itumie kwa wasifu wa peke yake usioingia kwenye akaunti yoyote, na njia yake ya mkato isikae kwenye eneo-kazi ambapo mtu mwingine anaweza kuibofya.

KISANDUKU: Tovuti ikikuomba ubandike kitu

Tangu 2024 umeenea utapeli unaopita kando ya ruhusa zote. Ukurasa unaonyesha jaribio la "mimi si roboti" au ujumbe kwamba hati imeshindwa kufunguka. Kisha unakuelekeza: bonyeza kitufe cha Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Usichokijua ni kwamba ukurasa umeshaweka amri mahali kompyuta inapotunza ulichonakili, na wewe mwenyewe unaiendesha nje ya kivinjari. Bawabu amerukwa.

- Hakuna tovuti halali inayothibitisha ubinadamu wako kwa vitufe hivyo.
- Ukiambiwa ubonyeze F12 na kubandika msimbo ili uone nani anatazama wasifu wako, ni utapeli ule ule kwa njia nyingine.
- Ukishabandika na kubonyeza Enter, chukulia kompyuta imeingiliwa. Zima intaneti na uende kwenye sehemu ya "Ukishaingiliwa" hapa chini.

Kwenye simu, saiba na steshenari

Chrome ya Android haipokei viendelezi, na kwa mtu mwenye simu peke yake hiyo ni nafuu. Firefox ya Android hupokea. Duka lake lilifunguliwa kwa upana Desemba 2023. Kazi kubwa kwenye simu ni kusafisha ruhusa za tovuti: fungua mipangilio ya Chrome, ingia mipangilio ya tovuti, pitia arifa, mahali, kamera na maikrofoni. Tovuti usiyoitambua, izuie.

Mamilioni ya watu Afrika Mashariki hujaza fomu zao za serikali, mikopo ya chuo na kodi kwenye kompyuta ya saiba Nairobi au steshenari ya Dar es Salaam, wakiwa wamemketisha kijana wa dukani mbele ya kibodi. Kompyuta hiyo ina viendelezi vya wateja na mafundi wa miaka yote. Mteja afanye hivi: aombe dirisha la mgeni, ambalo halibebi viendelezi wala manenosiri ya mtu, achape nenosiri mwenyewe, akimaliza afunge dirisha lote, si kichupo tu. Mwenye duka naye afungue akaunti ya kawaida ya Windows kwa wateja, abaki na ya msimamizi mfukoni mwake, na kila Jumatatu afungue ukurasa wa viendelezi na kufuta asichokijua.

Makosa yanayojirudia

Watu huamini alama ya kufuli. Kufuli lilimaanisha tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hayasikilizwi njiani, halikusema lolote juu ya uaminifu wa tovuti, na Chrome iliibadilisha alama hiyo Septemba 2023 kwa sababu hiyo hiyo. Ibofye alama iliyopo sasa, upande wa kushoto wa anwani: ndiyo njia fupi ya kuona na kufuta ruhusa za tovuti uliyopo.

Wengine huhesabu nyota na idadi ya watumiaji. The Great Suspender kilikuwa na vyote viwili. Wengine hubadili nenosiri wakidhani wameondoa kila kitu, kumbe programu waliyoiunganisha na akaunti ya Google mara nyingi inaendelea na kibali chake. Na wapo wanaochagua "ruhusu kila wakati" ilhali Chrome siku hizi ina chaguo la kuruhusu safari hii tu, linalotosha kabisa kwa mkutano wa saa moja.

Ukishaingiliwa: fuata mpangilio huu

Mpangilio una maana. Ukibadili nenosiri wakati kiendelezi kibaya bado kipo, unamkabidhi mwizi nenosiri jipya.

1. Andika jina la kiendelezi, namba ya toleo na tarehe uliyogundua. Piga picha ya skrini ya ruhusa zake.
2. Kiondoe, usikizime tu. Kama usawazishaji wa akaunti umewashwa, hakikisha kimetoka pia kwenye kompyuta zako nyingine.
3. Chukua kifaa kingine safi. Kutoka humo, funga vipindi vyote vya kuingia kwenye baruapepe na mitandao ya kijamii. Kidakuzi kilichoibwa hufanya kazi bila nenosiri mpaka kipindi kifungwe.
4. Kwenye kifaa hicho hicho badili manenosiri, ukianza na baruapepe, kisha fedha.
5. Fungua sehemu ya programu zilizounganishwa na akaunti yako ya Google au Microsoft, futa usizozitambua.
6. Kama uliendesha kivinjari kwa mamlaka ya msimamizi, au ulibandika amri, kuondoa kiendelezi hakutoshi. Nakili nyaraka zako na uisakinishe Windows upya.
7. Kama uliingia benki katika kipindi hicho, ipigie simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Tukio la ofisi liripotiwe pia kwa kituo cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao, TZ-CERT kwa Tanzania au KE-CIRT kwa Kenya, ukiambatisha yale uliyoandika kwenye hatua ya kwanza. Jina bila namba ya toleo huwapa shida wachunguzi, kwa kuwa kiendelezi hicho hicho kinaweza kuwa safi siku moja kabla na siku moja baada.